Shuka Yenye Kiraka

Filamu ya kwanza niipendayo ina kiraka tumboni.
Ya punda, ya kuchorwa kwa mkono, nyeusi na nyeupe:
kapotelewa na kivuli chake, kaenda kukiulizia sokoni.
Gari la sinema lilifika Machomane bila shuka;
ya kwao, walisema, imeloa Mkoani.
Bibi Mkasi akatoa yake, ya kitandani,
ile aliyoitia kiraka cha maua katikati,
ikapigiliwa ukutani mwa skuli kwa misumari minne.

Kila aliyepita katikati ya hadithi aliyavaa maua yale:
punda, tajiri, kadhi, hata mvua.
Petroli ikaisha, punda mguu mmoja juu,
kisha giza,
kisha Bibi akidai shuka yake.

Ya pili ni ya udongo.
Baba alikuwa fundi wa deki,
akisafisha vichwa vyake kwa pamba na spiriti,
na kanda za watu zikilala kwetu kama wagonjwa.
Moja mwenyewe hajaifuata mpaka leo.
Kunguru wa kufinyangwa, ana cherehani.
Ukimtizama sana shavuni
utaiona alama ya kidole cha aliyemfinyanga,
inatetemeka kila akigeuka.
Wanasema lugha gani, hatukujua.
Kaka Shaame akatafsiri,
Shaame, ambaye hata Kiingereza cha darasa lake kilimshinda.
"Anasema kesho skukuu, na mwanawe hana kanzu."
Wiki ya pili: "Anasema kesho skukuu, na mgeni wake haonekani."
Tukagomba: mbona juzi ulisema mwana?
"Kwani kunguru hawezi kuwa na mambo mawili?"

Mwisho wake deki iliutafuna.
Baba akakata kwa wembe, akaunga kwa gundi,
na pale penye kiungo kunguru anaruka
kutoka kwenye cherehani hadi kwenye theluji tupu.
"Kafika," husema Shaame, na kuzima.

Ya tatu naionea haya.
Sidii ya wizi, ya shilingi elfu moja,
mtu kairekodi kwa kificho ndani ya jumba la sinema, mji gani sijui.
Roboti anapanda vitunguu juu ya paa, rangi zimepauka.
Anapoaga, palepale pa kuliza,
kinanyanyuka kichwa cha mtu, na mabega, kinapita.
Zuwena na Nasibu wanangu hupiga makofi:
"Baba wa msalani huyo!"
Na anaporudi humuuliza kama maji yalikuwapo.
Nimepata kuiona safi, bila yule mtu.
Haikunifaa. Roboti aliaga peke yake.

Siku hizi ni Raya, mwana wa Zuwena, na kishikwambi cha mamake.
Filamu yake ina popo mchanga aogopaye kuning'inia,
na kila unywele wake unahesabika.
Nilitafuta alama ya kidole. Hamna.
Lakini alipojifunza kushika tawi nililia,
Raya akanifuta kwa ncha ya khanga yangu mwenyewe.

Jana akaja mbio: "Bibi, kunguru wako huyu hapa!"
Mzima, na mwisho wake, na maandishi chini.
Raya akanisomea.
Kunguru anasema kabichi zimepanda bei.
Hana mwana. Hana mgeni.
Anachoshona ni gunia.
Anapita kwenye theluji, anaingia kwake, anafunga mlango.

Shaame yuko Wesha, chini, mwaka wa tatu huu.

Nikayaziba maandishi kwa kiganja.
"Anasema," nikamwambia, "kesho skukuu."
"Bibi, hakusema!"
"Rejesha nyuma.
Msikilize vizuri."